Kumbukumbu ya Kompyuta Isitolewe Kafara kwa Ajili ya Betri

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mtu anayenunua kompyuta mpakato kwa ajili ya kazi nzito, kama vile kuhariri video, kuchora ramani za majengo, kuchambua takwimu nyingi au kuunda programu, hakuna linalojibiwa kwa mazoea zaidi ya lile la kuchagua kati ya kumbukumbu kubwa na betri inayodumu. Jibu lililozoeleka, ambalo watengenezaji wenyewe wamesaidia kulieneza, ni kwamba vitu hivi viwili havipatani: anayetaka kumbukumbu kubwa akubali kuishiwa chaji mapema, na anayetaka chaji idumu aridhike na kumbukumbu ndogo. Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo lina chembe ya ukweli wa kifizikia, ila chembe hiyo imekuzwa kupita kiasi, na kwamba mtu wa kazi nzito anayepunguza kumbukumbu ili kuokoa betri yumo katika hatari ya kuvikosa vyote viwili.

Inafaa kwanza kueleza kumbukumbu hiyo ni nini na kwa nini inakula umeme. Kumbukumbu inayozungumzwa hapa ni ile ambayo mafundi huiita RAM, yaani mahali ambapo kompyuta huweka kile inachokishughulikia kwa wakati huo, tofauti na diski, ambayo hutunza mafaili hata mashine ikiwa imezimwa. Aina ya RAM inayotumika hadi leo katika karibu kila kompyuta ilibuniwa mwaka 1966 na Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, ambaye alipata hataza ya ubunifu huo mwaka 1968. Katika ubunifu wake kila biti, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa chenye thamani ya sifuri au moja, huhifadhiwa kwa transista moja na kapasita moja tu, kapasita ikiwa ni kijisehemu kinachoshika chaji ya umeme kwa muda mfupi. Kwa kuwa sehemu ni chache kiasi hicho, mabilioni ya biti huweza kupangwa juu ya kipande kidogo cha silikoni, na ndiyo maana RAM ikawa rahisi na kuenea duniani kote. Lakini kapasita huvuja, na chaji yake isipohuishwa taarifa hupotea. Kwa viwango vya kawaida, kila safu ya kumbukumbu sharti ihuishwe ndani ya milisekunde 64, na joto la chipu likizidi nyuzi 85 za Selsiasi muda huo hupunguzwa hadi milisekunde 32. Kazi hii haikomi mtumiaji anapoacha kuandika na kutazama dirishani, na katika RAM ya kawaida haibagui sehemu iliyojaa na sehemu tupu, kwa hiyo kila gigabaiti inayoongezwa ni mabilioni ya kapasita mapya yanayodai umeme bila kupumzika. Hapo ndipo penye ile chembe ya ukweli.

Kisa kinachoonyesha vizuri jinsi chembe hiyo ilivyotumika kinahusu kompyuta za MacBook Pro ambazo kampuni ya Apple ilizitoa mwezi Oktoba 2016. Mashine hizo ziliuzwa kwa wapiga picha, wahariri wa filamu na waandishi wa programu, lakini hata ile kubwa ya inchi 15 haikuweza kuwekewa RAM ya zaidi ya GB 16, ilhali wakati huohuo sokoni kulikuwa na kompyuta mpakato kama ThinkPad P50 ya Lenovo iliyokubali hadi GB 64. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Philip Schiller, aliyekuwa mkuu wa masoko wa Apple, alimjibu mteja mmoja kwa barua pepe akieleza kwamba kuzidisha kiwango hicho kungelazimu kutumia mfumo wa kumbukumbu unaokula umeme mwingi kuliko inavyofaa kwa kompyuta ya kubebwa.

Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, na haki inataka yaelezwe kikamilifu kabla ya kupingwa. Kuna RAM ya kawaida ya kompyuta, inayojulikana kama DDR, na kuna nyingine iitwayo LPDDR, ambayo asili yake ni simu za mkononi na imesanifiwa kwa matumizi madogo ya umeme: mashine inapolala inaweza kuhuisha zile sehemu tu zenye taarifa, inapopoa hupunguza kasi ya kuhuisha kwa sababu kapasita baridi huvuja polepole, na kwa kuwa hulehemiwa kwenye ubao mama karibu kabisa na prosesa, mawimbi ya umeme husafiri njia fupi. Prosesa za Intel za kizazi hicho hazikuweza kutumia zaidi ya GB 16 za LPDDR3, toleo la wakati huo, na prosesa ambazo zingeruhusu toleo lililofuata zilichelewa kwa miaka kadhaa. Kufika GB 32 kulihitaji kurudi kwenye DDR4 ya kawaida, yenye njaa kubwa zaidi, hasa mashine ikiwa imetulia au imelala.

Swali linalobaki ni la kiasi, na hapa hesabu ndogo inafichua mengi. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa, yaani umeme unaotosha kuendesha kifaa cha wati moja kwa saa moja. Betri ya MacBook Pro ya inchi 15 ya mwaka 2016 ilikuwa na wati-saa 76, na kampuni iliahidi saa 10 za kuperuzi intaneti, ikimaanisha kwamba katika kazi hiyo nyepesi mashine nzima, pamoja na skrini yake, ilitarajiwa kula wastani wa wati 7.6. Tuseme sasa kwamba kumbukumbu kubwa ingeongeza wati moja nzima kwa wakati wote. Matumizi yangepanda hadi wati 8.6, na saa 10 zingeshuka hadi saa 8 na dakika 50 hivi, hasara ambayo mtu yeyote angeiona.

Lakini mtu anayeperuzi intaneti hahitaji GB 32. Anayezihitaji ni yule anayeunganisha vipande vya video au kuendesha mifumo miwili ya kompyuta ndani ya mashine moja, na mtu huyo akianza kazi prosesa peke yake, ambayo Intel yenyewe iliikadiria kwa wati 45, huanza kula umeme kwa kasi tofauti kabisa. Ikijumlishwa na chipu ya michoro na skrini, si ajabu matumizi kufika wati 60, na kwa kiwango hicho betri ya wati-saa 76 huisha kwa dakika 76. Wati moja ikiongezwa juu ya hizo 60, betri huisha kwa takribani dakika 75. Mtu wa kazi nzito aliambiwa avumilie kumbukumbu ndogo ili kuokoa chaji, na chaji yenyewe aliyookolewa wakati wa kazi hiyo ni ya dakika moja. Gharama ya RAM kwa betri huonekana zaidi pale ambapo RAM kubwa haihitajiki, na karibu hutoweka pale inapohitajika. Huu ndio uhusiano ambao mjadala wa mwaka 2016 haukuuweka wazi, na ambao hadi leo hauwekwi wazi katika matangazo ya mauzo.

Zaidi ya hapo, upungufu wa kumbukumbu nao unakula umeme. RAM inapojaa, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia mashine nzima, hujaribu kwanza kubana taarifa zilizomo ili zichukue nafasi ndogo, jambo linaloitumikisha prosesa, na pasipotosha huhamishia sehemu ya taarifa hizo kwenye diski, kisha huzirudisha zinapohitajika na kuhamisha nyingine. Hata diski za SSD, zisizo na sehemu yoyote inayozunguka, huchukua makumi ya mikrosekunde kutoa kile ambacho RAM hukitoa kwa takribani nanosekunde mia moja, tofauti ya mara mia kadhaa. Wakati wote huo wa kusubiri skrini inawaka, feni inavuma, na SSD inayofanya kazi kwa nguvu hula wati kadhaa, nyingi kuliko zile ambazo kumbukumbu ya ziada ingedai. Umeme unaotumika ni wati zikizidishwa kwa muda, na kazi ambayo ingemalizika kwa dakika 20 ikichukua dakika 40 kwa sababu taarifa zinasafirishwa huku na huko, betri imelipa maradufu bila mtumiaji kupata chochote cha ziada. Diski nayo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, kwa maana uhai wa SSD huhesabiwa kwa wingi wa taarifa zilizoandikwa juu yake, na katika mashine ambazo diski imelehemiwa pamoja na vingine vyote, uchakavu huo haurekebishiki kwa urahisi.

Katika kisa hicho cha 2016 kulikuwa pia na mdai wa tatu, ambaye hakutajwa sana. Toleo lililotangulia la mashine hiyo, la mwaka 2015, lilikuwa na betri ya wati-saa 99.5, unene wa milimita 18 na uzito wa kilo 2.04. Toleo jipya lilipunguzwa unene hadi milimita 15.5 na uzito hadi kilo 1.83, na ili kuingia katika umbo hilo betri ilikatwa hadi wati-saa 76. Wati-saa 23.5 zilizoondolewa zingeweza kulisha wati moja ya ziada ya kumbukumbu kwa saa 23 na nusu, muda mrefu maradufu kuliko ambao mashine yenyewe iliahidi kukaa bila kuchomekwa. Kumbukumbu na betri ziligombanishwa kana kwamba zinagawana mkate uliopimwa na maumbile, kumbe mkate ulikuwa umeshapunguzwa ili kompyuta iwe nyembamba. Wembamba ni jambo zuri kwa anayebeba mashine kutwa nzima, wala si dhambi kwa kampuni kuuchagua, lakini ulikuwa uamuzi wa usanifu, na mnunuzi alistahili kuambiwa kwamba ni uamuzi.

Matoleo yaliyofuata yalithibitisha hivyo. Mwezi Julai 2018 kampuni hiyohiyo ilitoa mashine ya inchi 15 inayokubali GB 32 za DDR4, ikaongeza betri hadi wati-saa 83.6, na ikaendelea kuahidi saa zilezile 10. Nyongeza ya wati-saa 7.6, hata ikichukuliwa kwamba yote ililenga kulisha kumbukumbu, ni chini ya wati moja kwa kila saa ya zile 10. Mwezi Novemba 2019 ikaja mashine ya inchi 16 yenye uwezo wa GB 64, betri ya wati-saa 100 na ahadi ya saa 11, nene na nzito kidogo kuliko iliyoitangulia. Hapo ukafikiwa mpaka halisi ambao hakuna mtengenezaji anayeuvuka kwa hiari yake, kwa sababu kanuni za usafiri wa anga huruhusu abiria kubeba betri za lithiamu zisizozidi wati-saa 100 bila kuomba idhini ya shirika la ndege. Kisha mwaka 2020 Apple ilianza kutumia chipu zake yenyewe, zenye RAM ya LPDDR iliyowekwa ndani ya kifurushi kimoja na prosesa, na kufikia Oktoba 2021 mashine yenye GB 64 iliweza kudumu na chaji kuliko yoyote kati ya zile za awali. Mgogoro uliodaiwa kuwa wa kudumu ulikuwa umemalizwa na wahandisi ndani ya miaka mitano.

Bei yake, hata hivyo, ilikuwa kubwa, na hapa ndipo suala linapowagusa watumiaji wa Afrika Mashariki kwa karibu. RAM iliyolehemiwa au kufungwa ndani ya kifurushi cha prosesa haiongezwi tena: anayeinunua mashine ikiwa mpya huamua kiasi cha kumbukumbu kwa uhai wake wote, na kompyuta nyingi zinazouzwa katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au kando ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi hazikununuliwa mpya na watu wa huku. Ni kompyuta za mtumba zilizotumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya au Marekani, na ofisi iliyoagiza mashine ya GB 8 kwa ajili ya karani wa kuandika barua haikumfikiria kijana wa Sinza, Dar es Salaam, ambaye, miaka sita baadaye, angetaka kuhariri kwayo video za harusi. Uamuzi wa mtu wa kwanza humfunga mtu wa pili na wa tatu, tena bila wao kuulizwa.

Wanaofanya kazi nzito kwa mashine za mtumba wanaijua tofauti hii vizuri kuliko wasomaji wa matangazo. Lenovo ilipotoa ThinkPad T480 mwaka 2018 iliipa sloti mbili za RAM, yaani nafasi za kuchomekea kadi za kumbukumbu, pamoja na betri mbili, moja ya ndani na nyingine ya nyuma inayochomolewa na kubadilishwa mashine ikiwa inaendelea kuwaka. Ndugu yake mwembamba wa mwaka huohuo, T480s, alikuwa na sehemu ya RAM iliyolehemiwa na sloti moja tu, na X1 Carbon, nyembamba zaidi, haikuwa na sloti hata moja. Leo fundi mwenye bisibisi anaweza kuigeuza T480 ya GB 8 kuwa ya GB 32 kwa muda usiozidi nusu saa, akaweka betri kubwa ya nyuma, na mwenye mashine akamaliza kazi yake umeme ukiwa umekatika. Kwa X1 Carbon ya umri huohuo, iliyokuwa ghali zaidi ilipokuwa mpya, hakuna la kufanya upande wa kumbukumbu.

Hofu ya kuishiwa chaji ni ya haki kabisa kwa watu walioonja mgawo wa umeme Tanzania mwaka 2023, au waliokuwa Kenya mwezi Agosti mwaka huohuo umeme ulipokatika karibu nchi nzima. Ni hofu hiyohiyo inayowafanya wengi waitazame betri kwanza na kumbukumbu baadaye, nayo inastahili kujibiwa kwa hoja. Betri ya lithiamu ni kama tairi la gari: hulika kwa safari. Kila inapochajiwa na kutumika hupoteza sehemu ndogo ya uwezo wake, joto huharakisha upotevu huo, na baada ya mamia ya mizunguko, au takribani elfu moja kwa zile bora, hubakiwa na asilimia 80 hivi ya uwezo wa mwanzo. Maana yake ni kwamba saa za chaji alizozinunua mtu kwa kukubali kumbukumbu ndogo zitayeyuka zenyewe ndani ya miaka michache, ilhali kumbukumbu ndogo itabaki vilevile ilivyo. Betri iliyochoka hubadilishwa. Pia upungufu wake huzibwa na pawabenki yenye nguvu ya kuchaji kompyuta, au kwa paneli ya sola na betri ya nyumbani. Upungufu wa RAM iliyolehemiwa hauzibwi na kifaa chochote cha nje. Kutoa kafara kitu kisichochakaa ili kurefusha kidogo kitu kinachochakaa ni hesabu mbaya mahali popote, na ni mbaya zaidi kwa watu wanaotarajia kompyuta moja iwafae kwa miaka minane au kumi.

Haya hayamaanishi kwamba kila mtu akimbilie kuongeza RAM. Mwalimu anayeandaa mitihani, mwandishi wa habari anayeandika na kutuma, na mwanafunzi anayesoma na kuperuzi wanaweza kutosheka na GB 8, na kwao zile dakika 70 za hesabu ya juu zina thamani kweli. Njia ya kupima ni rahisi: kompyuta zote za sasa zina dirisha linaloonyesha RAM inayotumika, na mtu akilifungua katikati ya kazi yake nzito kuliko zote, akakuta matumizi hayavuki robo tatu, kuongeza kumbukumbu hakutampa kasi yoyote, bali atakuwa analisha kapasita tupu. Akikuta imejaa na diski haitulii, ajue kwamba betri yake tayari inalipa deni la upungufu huo, na kwamba kadi ya RAM huenda ikamrudishia dakika nyingi kuliko betri mpya.

Kuhusu mashine zijazo, kisingizio cha zamani kinazidi kukosa mashiko. Mwezi Desemba 2023 taasisi ya JEDEC, inayoweka viwango vya kumbukumbu duniani, ilichapisha kiwango cha CAMM2, ambacho kwa toleo lake la LPCAMM2 kinaruhusu RAM ya LPDDR, ileile ya kubana matumizi, kuwekwa kwenye kadi inayofungwa kwa skrubu na kufunguliwa inapohitajika. Lenovo iliitumia mwaka 2024 katika ThinkPad P1 ya kizazi cha saba, ikathibitisha kwamba mtu anaweza kuwa na kumbukumbu inayookoa betri na bado ikaongezwa miaka mitano baadaye. Watengenezaji wengi bado wanalehemu, kwa sababu kulehemu ni nafuu na kwa sababu mnunuzi anayejua kwamba hataongeza baadaye hulazimika kulipia kiwango cha juu siku ya kwanza, kwa bei anayoipanga muuzaji.

Umoja wa Ulaya umeshapitisha kanuni itakayotaka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Ni hatua njema, na faida yake itafika hadi Kariakoo, kwa kuwa mashine zitakazouzwa Ulaya mwaka huo ndizo zitakazofika huku kama mtumba miaka michache baadaye. Kanuni hiyo lakini inahusu betri, ambayo tangu hapo ilikuwa rahisi kubadilika kuliko kumbukumbu, na inaiacha RAM mikononi mwa mtengenezaji. Vyuo vikuu, wizara na mashirika ya Afrika Mashariki yanayoagiza kompyuta mpya kwa mamia yana nguvu ya soko ambayo kijana wa Sinza hana, na yanaweza kuandika katika zabuni zao kwamba mashine za kazi nzito ziwe na sloti ya RAM, ya aina ya zamani au ya LPCAMM2, kama yanavyoandika ukubwa wa skrini na saa za betri.